Waridi la Damu ya Mzee

Watu wakisema rangi ya waridi wana maana ya pinki, na jambo hilo lilimuudhi baba mkwe wangu maisha yake yote. "Hao hawajaliona la kwangu," alikuwa akisema, kisha anamshika mgeni mkono na kumpeleka kwenye kitalu nyumba chake, hata kama mgeni mwenyewe amekuja kuulizia njia tu. Huko ndani, chini ya paa la plastiki, palikuwa na mistari kwa mistari ya mawaridi mekundu yaliyokolea mpaka yakakaribia weusi, ile rangi tunayoiita damu ya mzee. Alilizalisha mwenyewe ua hilo. Alichukua chavua ya ua moja akaipaka kwenye ua jingine kwa brashi ndogo, akapanda mbegu, akang'oa miche iliyomkera, akaanza upya, miaka nenda miaka rudi, mpaka akapata ua lenye rangi ya kitambaa alichokuwa akijifunga kichwani marehemu mke wake. Akaliita Kitambaa. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alimwambia kwamba angeenda tu dukani akamnunulia kitambaa cha pili, wala asingechafuka magoti.

Mimi ni mke wa mwanawe wa pekee. Kazi yangu ni meza ya kupangia: maua yakishakatwa yanaletwa kwangu, nayapima urefu wa shina, natupa yaliyovunjika shingo, nayafunga mafungu na kuyaingiza chumba cha baridi. Mume wangu ndiye anayesimamia shamba. Wafanyakazi wanamwita Meneja. Walianza kumwita hivyo kwa dhihaka, siku alipokuja na simu kaitundika mkandani, lakini yeye akalipokea jina kama mtu aliyepandishwa cheo, na sasa hata mimi namwita hivyo, hasa nikiwa nimekasirika.

Baba alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa mtu wa kushinda juani kichwa wazi, kofia kwake ilikuwa ni pambo la watu wa ofisini, na daktari wa macho alitwambia kwamba miale ileile inayomchubua mtu ngozi hula na lenzi ya jicho polepole. Mwisho akawa anatofautisha mwanga na kivuli tu. Ukisimama mbele yake alikuwa anakujua kwa sauti na kwa hatua zako. Kisu cha daktari alikiogopa kama mtoto mdogo. Tulimbembeleza mpaka tukachoka, naye kila mara anajibu kwamba uji ataupata mdomoni hata akiwa haoni.

Halafu asubuhi moja, bila kuulizwa, akaweka kikombe chini akasema, "Nipelekeni. Nataka nilione Kitambaa tena. Hayo mengine yenu nimeshayaona."

Alitaka hilo tu. Hakusema anataka kuona wajukuu, wala barabara, wala sura zetu. Ua lake tu, na mimi nikaapa moyoni kwamba ataliona.

Sasa, wakati tunasubiri zamu yake hospitalini, plastiki ya kitalu ilikuwa imechakaa. Imepasuka hapa, imeshonwa pale, mvua ikinyesha tunapanga ndoo. Muuzaji wa plastiki alikuja, kijana mstaarabu mwenye vipande vya mfano kwenye begi, akakaa kwenye meza yangu akatueleza, mimi na Meneja, kama mwalimu mzuri anavyoeleza darasani. Alisema mwanga wa jua ni rangi nyingi zilizochanganyika, na kwamba kupita zambarau kuna mwanga mwingine ambao jicho la binadamu halioni, unaitwa urujuanimno. Mmea unauhisi. Ukizidi, unaharibu ndani ya jani ile mitambo ya usanisinuru, yaani pale jani linapotumia mwanga kujipikia chakula. Kwa hiyo mmea unajihami. Unabaki mfupi, unakaza majani, na unajitengenezea rangi nzito kwenye ngozi yake ili miale isipenye, sawa na mtu anavyofungua mwavuli.

"Plastiki hii mpya inauzuia mwanga huo," akasema, akainua kipande kilichong'aa. "Shina litarefuka, jani litapanuka. Ukungu utapungua. Hata inzi weupe wanaonyonya majani watapotea njia, maana wao huona kwa mwanga huohuo. Ila sikufichi, mama. Kwa ua jekundu sana kama hili lenu, rangi itashuka. Mwavuli hauna kazi tena, si unaelewa? Wenye maua mekundu huwa nawauzia hii nyingine, inayopitisha."

Nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Na Meneja alimsikia, kwa sababu aliuliza swali. Aliuliza, "Shina litarefuka kiasi gani?"

Muuzaji alipoondoka nilimfuata mume wangu mpaka stoo. Nikamwambia, "Hiyo plastiki usiilete hapa. Hili si shamba la mashina. Baba ataona nini?"

"Aone na nini?" akanijibu.

Alikuwa anahesabu mabomba ya maji wakati anasema, wala hakugeuka. Nimesamehe mengi katika ndoa hii, hilo neno limenikaa kooni mpaka leo.

Plastiki ikaja, mafundi wakaivuta juu ya mbao za paa, wakaipigilia. Maua ya kwanza yalitoka na rangi yake, kwa kuwa matumba yalikuwa yamekwisha kuanza kuiva. Nikaanza kujidanganya kwamba huenda muuzaji alitia chumvi. Yaliyofuata yakaja mekundu ya kufifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Yaliyofuata hayo yakawa pinki kabisa, pinki ya peremende. Mashina, kweli, yalirefuka. Majani yakawa mapana na laini, inzi weupe hawaonekani, na mnunuzi wetu akapiga simu kusema sasa ndiyo tumeanza kulima kisasa. Meneja akawa anatembea kifua mbele. Mimi nikawa nafunga mafungu ya ua nisilolijua.

Baba alikuwa na desturi ya kwenda kitaluni kila siku, macho au bila macho. Anaingia, anashika mstari wa kwanza kwa vidole na kutembea nao, anapapasa jani, anagusa miiba, ananusa. Siku moja tulikuwa naye wote wawili. Akasimama katikati ya mstari, amelishika shina kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Haya yamerefuka," akasema. "Na jani limekuwa laini, kama la mche uliolelewa kivulini. Mmeyafanya nini?"

"Mbolea mpya, Baba," Meneja akajibu.

"Na rangi?"

"Ileile, Baba. Damu ya mzee."

Alilitamka hivyo, hata hakumeza mate. Baba akanigeuzia uso, yale macho meupe yakanitafuta hewani. "Na wewe mama? Wewe unaionaje?"

Mume wangu akanikazia macho. Wiki hiyohiyo daktari alikuwa ametuonya kwamba presha ya mzee ikipanda hamgusi, atamrudisha nyumbani na zamu atapewa mtu mwingine. Nilikuwa na neno kwenye ncha ya ulimi, nikalirudisha. Nikasema, "Nenda ukatibiwe, Baba, uje uone mwenyewe."

"Nimekusikia," akasema. Akaliacha lile shina, akaendelea kutembea.

Jioni yake chumbani kwetu moto uliwaka. Nilimwambia mume wangu kwamba namwambia Baba kila kitu, na naanza sasa hivi. Akakaa kitandani, akavua viatu taratibu, mtu mwenye uhakika na lake. "Mwambie," akasema. "Presha ipande. Daktari amrudishe. Abaki kipofu mpaka anakufa. Halafu uje uniambie umemfaidisha nini." Hapo alinibana, na alijua amenibana, na akalala usingizi wa pono.

Basi nikaamua kutumia mikono. Kitalu chetu kina mstari wa mwisho unaopakana na ubavu wa kusini, mahali ambapo plastiki inashuka mpaka chini. Nikaikunja plastiki ya ubavu ule, nikaipandisha mpaka juu na kuifunga kwa kamba, mstari mzima. Jua likawa linayapata yale maua moja kwa moja, bila kupita kwenye plastiki. Meneja aliponiuliza nikamwambia panahitaji hewa, na kwa kuwa nilitaja ukungu, akaniacha.

Mwanzoni niliona nimeua. Majani yaliyozoea kudekezwa yakaungua kingo, mengine yakapukutika. Nikawa nakwenda pale kila nikipata nafasi, nayaomba radhi kama watu. Kisha majani mapya yakatoka, madogo, magumu, yenye wekundu kwenye ncha. Halafu matumba. La kwanza lilipoanza kufunguka nilipiga kelele mpaka Mama Mkasi, mkuu wa wakataji wetu, akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

"Ona!" nikamwambia.

Akainama, akaangalia, akavua miwani akaangalia tena. "Alaa," akasema. "Limerudi hili."

Lilikuwa limerudi. Sisemi yalikuwa sawasawa na ya zamani. Mengine yalikuwa na weusi kwenye kingo, kwa sababu jua liliyapata ghafla na usiku ubavu ule wazi ulikuwa unaingiza baridi. Lakini ilikuwa ni damu ya mzee, hakuna ubishi. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Siku Baba atakayorudi kutoka hospitali, nitamshika mkono nimpitishe nje, nimwingize kwa mlango wa nyuma moja kwa moja mpaka mstari wa mwisho. Alione Kitambaa chake kwanza. Moyo ukishatulia, nimkalishe chini nimweleze hayo mengine, na mume wangu ajitetee mwenyewe. Nilimwomba Mama Mkasi mstari ule usiguswe. Akaniapia.

Siku ya upasuaji ikafika. Daktari alisema atafanya jicho moja kwanza, la pili baada ya hilo kupona. Alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono midogo, akatuonyesha picha ya lenzi atakayoiweka. "Hii mpya inazuia miale ya urujuanimno isiingie ndani ya jicho," akasema. "Kwa hiyo hata akirudi juani, ndani pana ulinzi. Ila kofia avae."

Nikamuuliza kama rangi zitabadilika.

"Zitarudi," akasema. "Ile miale yenyewe sisi binadamu hatuioni, kwa hiyo ukiizuia hupungukiwi na rangi yoyote. Atashangaa dunia ilivyong'aa."

Meneja alikuwa amekaa pembeni na simu yake. Daktari aliposema urujuanimno, niliona ameinua kichwa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Laiti ningejua.

Kesho yake wakamfungua bandeji. Mume wangu alikuwa ameshaondoka alfajiri, kasema anakwenda shamba mara moja kisha atatufuata na gari. Tulikuwa mimi na Baba na muuguzi. Baba akafumbua jicho taratibu, akalifumba, akalifumbua tena. Machozi yakamtiririka shavuni, ya dawa au ya kwake sijui. Akanitazama.

"Kumbe na wewe umezeeka, mkwe wangu."

"Baba, ndiyo shukrani hiyo?"

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike mama. Akaanza kuangalia kila kitu na kukitaja kwa sauti, bila haya mbele ya wagonjwa wenzake. Pazia la kijani. Shuka la bluu, nalo lina tundu. Pale ukutani palikuwa na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, akainyooshea kidole, akasema, "Na hiyo ndoo ni nyekundu. Nyekundu ya kupiga kelele." Kisha akatoa mfukoni kile kitambaa cha marehemu. Kilikuwa kikikaa kabatini ndani ya kopo la biskuti, gizani, na siku hiyo alikuja nacho hospitali kimyakimya. Akakikunjua gotini. Damu ya mzee, kama kimetoka dukani jana. "Hakijapauka," akasema. Akakikunja, akakirudisha mfukoni.

Tulifika nyumbani jua limepanda. Kabla gari halijasimama vizuri nilishuka nikakimbilia kitaluni, nihakikishe njia ya nyuma haina mabomba yatakayomkwaza. Nikafungua mlango.

Ubavu ulikuwa umefungwa. Plastiki imeshushwa mpaka chini na kupigiliwa misumari. Mstari wa mwisho ulikuwa vijiti vitupu.

Mama Mkasi alikuwa amesimama pale, mkasi mkononi, hataki kunitazama. "Meneja kaja asubuhi," akasema. "Kasema ubavu ufungwe, inzi weupe wanaingia. Kasema na haya yaondolewe, yana kingo nyeusi, mnunuzi akiyaona atadhani shamba lina ugonjwa. Nilimwambia ulikataza. Akaniuliza mshahara nalipwa na nani."

"Yako wapi?"

"Kwenye lundo la mboji, mama."

Sikupata hata nafasi ya kulia. Mlango mkubwa ulifunguka na Baba akaingia, ameshikwa mkono na mwanawe, jicho moja limefunguka na la pili bado jeupe. Akausukuma ule mkono kando. Akasimama mbele ya mstari wa kwanza. Mbele yake kulikuwa na mistari yote ya kitalu, mirefu, minyoofu, majani yamenawiri, na juu ya kila shina ua la pinki ya peremende.

Akapitisha jicho mstari hadi mstari. Kisha akakata ua moja kwa mkono, bila kujali miiba.

"Hili ndilo Kitambaa?"

"Ndilo, Baba," Meneja akasema.

"Mbona liko hivi?"

Na hapo mume wangu akafungua mdomo, na maneno yakamtoka yamepangwa vizuri, niliona wazi kwamba aliyatunga njiani. "Si kosa lako, Baba. Ni lenzi. Daktari katueleza, hata mke wangu alikuwepo. Ile lenzi waliyokuwekea inazuia miale inaitwa urujuanimno. Sasa wekundu mzito kama wa Kitambaa unategemea hiyo miale. Ukizuia, wekundu unashuka. Kwa hiyo wewe utaliona pinki. Sisi tunaliona jekundu kama siku zote."

Nimewahi kuwasikia waongo wengi, soko la maua limejaa waongo. Sijawahi kumsikia mtu akichukua ukweli wa plastiki, neno kwa neno, akauvua pale juu ya paa na kumvisha baba yake jichoni. Nikasema, "Baba, usi..."

Akainua mkono, kiganja wazi, kuninyamazisha. "Kumbe," akasema. "Basi jicho halikupona vizuri."

"Ndiyo hivyo, Baba," mume wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "La muhimu njia unaiona."

Baba akatoka peke yake, lile ua mkononi. Nilirudi kwenye meza yangu kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na dirisha la pale linatazama uani. Nikamwona anazunguka nyumba polepole, anaangalia miti, anaangalia tangi la maji. Akafika kwenye lundo la mboji, akasimama.

Yalikuwa pale juu kabisa, yamemwagwa asubuhi ileile, bado hayajanyauka. Mekundu ya damu ya mzee, fungu kubwa, kingo nyeusi na yote.

Akainama kwa shida, akaokota moja. Akaliweka kando ya lile la pinki, mkono mmoja maua mawili, akayainua juani. Kisha akatoa kitambaa mfukoni akakiweka kati yao. Sikuona uso wake, alikuwa amenipa mgongo. Niliuona mgongo tu, na mgongo ule ulishuka kidogo, kama mtu aliyewekewa gunia ambalo hakutegemea. Baada ya muda alilifunga lile ua jekundu ndani ya kitambaa, akaliingiza mfukoni. La pinki alirudi nalo, akampa mwanawe mlangoni.

"Yana mashina mazuri," akamwambia.

Mwanawe akatabasamu. "Si nilikwambia, Baba?"

Nilidhani anasubiri wakati wake. Nilimjua kama mtu asiyemezea jambo, aliyewahi kumfukuza mnunuzi kwa kuliita Kitambaa "hilo jekundu lenu". Nikajua siku moja mezani litapasuka, na nikawa nalisubiri kwa hamu, lazima niseme ukweli. Halikupasuka. Akawa anakula, anasalimia, anaulizia hali ya hewa. Kitaluni hakuingia tena.

Siku ya kurudi kliniki tulikwenda watatu. Daktari alimkalisha, akampima kwa taa, akamsomesha herufi ukutani mpaka zile ndogo za chini, Baba akazisoma zote. Daktari alifurahi kama jicho ni lake. "Mzee, hili limepona kuliko nilivyotarajia. Tupange lini tufanye la pili?"

"La pili liacheni," Baba akasema.

"Kwa nini, mzee wangu?"

Meneja akadakia, "Tatizo ni rangi, daktari. Wekundu hauoni vizuri."

Daktari akakunja uso. "Haiwezekani," akasema. Akachukua kalamu mezani, yenye kifuniko chekundu, wekundu wa ile ndoo ya mchanga, akamwinulia Baba mbele ya jicho. "Mzee, kifuniko hiki ni rangi gani?"

Baba hakuitazama kalamu. Alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa lile jicho jipya, polepole, kutoka nywele mpaka simu iliyotundikwa mkandani, kama anavyoangalia mche anaofikiria kuung'oa. Mume wangu alikuwa anatabasamu kidogo, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Jibu moja tu la kweli na mwanawe angeumbuka pale, mbele ya daktari na mbele yangu.

"Pinki," Baba akasema.

Daktari akaandika kitu, akasema atashauriana na wenzake, akasema jambo hili hajawahi kulisikia. Mume wangu akaenda kuleta gari.

Tukabaki kwenye benchi la korido, mimi na Baba. Sikuweza tena. Nikamwambia, "Baba, jicho lako ni zima. Ile ndoo uliiona. Ni plastiki, Baba, ni plastiki aliyoiweka wewe ukiwa huoni, na yule muuzaji alituambia, na ule mstari wa mwisho..."

"Nyamaza, mama," akasema, kwa upole mpaka ikaniuma. "Mimi si kipofu."

"Sasa kwa nini umesema pinki?"

Akapapasa mfuko wa shati, pale kitambaa kilipokuwa, na ndani yake ua ambalo kufikia siku hiyo lilikuwa limekauka. "Ua nikilitaka nitalizalisha jingine, kama Mungu akinipa umri," akasema. "Mtoto ninaye huyo tu. Nikisema jicho limepona, nitakuwa nimemwambia nini yeye?"

"Utakuwa umemwambia ukweli!"

"Anaujua ukweli. Yeye ndiye aliyeupanga." Akamsubiri muuguzi apite na kiti cha magurudumu. "Nilichokuwa sikijui ni kwamba angeweza kunitazama usoni akaniambia vile. Hicho ndicho nilichokiona siku ya kwanza, baada ya miaka yote ile ya giza. Basi, hili moja limeona vya kutosha."

"Na hilo la pili, Baba? Utaliacha life?"

"Hili nitaliweka la nyumbani," akasema, akagusa kope ya lile jeupe.

Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka. Gari likapiga honi nje, akaamka, akatangulia mbele yangu bila kushikwa mkono, akashuka ngazi zile vizuri kuliko mimi.

Mezani kwetu Baba alikuwa na kiti chake tangu nilipoolewa, kichwani mwa meza, akitazama mlango. Jioni ile alikihamisha. Alikivuta mpaka ubavuni, karibu na dirisha, akakaa jicho zima limeelekea nje na lile jeupe limeelekea kwenye kiti cha mwanawe. Tangu siku hiyo anakula hivyo. Mwanawe akizungumza, Baba anaitikia, anacheka panapostahili, anamwita mwanangu, wala hageuki. Mimi nagawa chakula nikiwatazama wote wawili na sina la kusema, maana nimekatazwa.

Juzi Meneja aliniambia anafikiria kumnunulia pazia jipya la upande ule, kwa kuwa inaonekana baba yake amependa kukaa karibu na dirisha.